Maswali matano yasiyo na alama

Nilipojiandikisha masomo ya jioni huku ugenini, nilidhani tofauti kubwa na nyumbani ingekuwa vifaa. Vifaa vipo kweli, lakini kilichonibadilisha ni kijikaratasi cha maswali matano ambacho mwalimu hutugawia kila kipindi kinapoanza. Mawili ya wiki iliyopita, mawili ya mwezi uliopita, moja la mwanzo kabisa wa kozi. Hakuna alama. Tunajibu, tunasahihisha wenyewe, tunaendelea.

Siku ya kwanza mkono ulinitetemeka. Nilikosomea mimi, swali la mwalimu lilikuwa mtego: ukikosa unachekwa, unasimamishwa. Mtihani ulikuja mwisho wa muhula kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, basi. Tulikesha tukikariri, na baada ya wiki mbili yote yalikuwa yameyeyuka. Wenzangu wengi waliacha shule wakiamini wana vichwa vizito.

Hawakuwa na vichwa vizito, na hilo bado linaniuma. Tangu mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunashinda kurundika kila kitu siku moja. Mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, waliofunika matini na kujaribu kuikumbuka ndio waliokuwa mbele. Kumbe mtihani ni njia ya kujifunza, mradi usimtishe mtu.

Darasani nakaa kati ya kijana wa miaka 19 na mama aliyekwisha kustaafu. Kijana anadaka upesi. Mama huchukua muda, lakini akishaunganisha jambo na kazi aliyoifanya miaka yote, halimtoki. Kijikaratasi kile kinawafaa wote wawili.

Usingizi nao. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku, kwa kuwa ubongo huimarisha yale ya mchana mtu akiwa amelala. Kuwaamsha watoto alfajiri ili wakariri ni kuwanyang'anya kile tunachotaka wakipate.

Lakini nyumbani tulikuwa na jambo ambalo huku sijaliona: kujisomea kwa makundi, aliyeelewa akimweleza asiyeelewa mpaka naye aweze kueleza. Huku kila mtu na vifaa vyake masikioni. Nimewaomba jirani zangu wawili tuwe tunafika nusu saa mapema, na wamekubali.

Mpwa wangu anajiandaa kwa mtihani. Kila Jumapili namuuliza maswali matano kwa simu. Wiki hii alikosa matatu, akaniomba niyarudie Jumapili ijayo.