Pijo Haiuzwi kwa Kilo

Juzi mnunuzi wa chuma chakavu alisimamisha mkokoteni langoni kwangu, akaiangalia Peugeot 504 iliyo chini ya mparachichi, akaniuliza naiuza kilo shilingi ngapi. Hakuwa na nia mbaya, kijana wa watu anatafuta riziki. Lakini swali lake limenikaa rohoni siku tatu sasa.

Gari lenyewe ni la mwaka 1979, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Rika langu halihitaji maelezo. Hiyo ndiyo pijo iliyotupeleka shule za bweni, tumebanana kiti cha nyuma, masanduku ya bati yamefungwa kwa kamba juu ya keria, na dereva haondoki stendi mpaka ijae. Niliinunua kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa nayo tangu ikiwa mpya. Aliponikabidhi ufunguo alinipa pia bahasha ya kaki yenye risiti za spea, pamoja na daftari la shule ambamo aliandika kwa mkono kila siku aliyobadilisha oili na kilomita zilizosomeka siku hiyo.

Wakati ule nililipokea daftari kama zawadi ya adabu. Baadaye nikajifunza kuwa katika soko la magari ya kale, karatasi kama zile ni nusu ya mali. Magari mawili ya aina moja, ya mwaka mmoja, yanaweza kupishana bei kama mbingu na ardhi. Mnunuzi huuliza kama injini iliyomo ndiyo iliyotoka nayo kiwandani, huinama kusoma namba ya chesi, kisha hutaka kujua lilikuwa la nani na lilikwenda wapi. Hata rangi ya asili iliyochujuka mara nyingi humvutia kuliko rangi iliyopulizwa jana.

Mei 2022 huko Stuttgart, Ujerumani, Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955 iliuzwa kwa euro milioni 135. Zilitengenezwa mbili tu zenye bodi ile. Uchache unaeleza sehemu ya bei, lakini kuna jambo jingine. Mhandisi Rudolf Uhlenhaut, ambaye gari hilo linaitwa kwa jina lake, alikuwa akiliendesha barabarani kama gari lake la kazi. Hebu fikiria watu waliolisikia likipita! Aliyelinunua alinunua na mngurumo huo.

Ndiyo maana siwaelewi wanaonunua gari la kale kama kipande cha dhahabu, wakalifungia gereji wakisubiri bei ipande. Gari halihifadhiki hivyo. Petroli huchacha ndani ya tangi na kuziba kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, sili za mpira hukauka na kupasuka, breki hushika kutu, matairi hujibonyeza upande mmoja. Gari lisilotembea linakufa polepole, na mwenyewe anadhani analitunza.

Sisi hapa Kenya hatari yetu ni nyingine: tunayauza kwa uzito. Na magari haya yana historia ambayo wenzetu Ulaya wanaitamani. Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari Rally, mbio za magari za Afrika Mashariki, yakamaliza 7 tu, na iliyoshinda ilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell, watu wa Tanzania, wakashinda kwa aina hiyohiyo ya 404. 504 nayo ikashinda 1975 na 1978. Porsche, pamoja na sifa zake zote, haikuwahi kushinda Safari ile. Tangu 2003, Safari ya magari ya kale imekuwa ikileta watu kutoka mbali waje kula vumbi letu kwa gharama kubwa, kwa sababu barabara hizi ndizo zilizoyapa magari yale jina.

Tena Kenya hairuhusu kuagiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Hizi pijo, Datsun na Landrova zilizobaki mashambani ndizo tulizo nazo. Ikikatwa leo, usitegemee meli ya kesho ikuletee nyingine.

Nenda siku ya Concours, shindano la magari yaliyotunzwa vizuri, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, ujionee. Shindano hilo lilianza mwaka 1970. Waamuzi hufungua boneti, huchungulia chini ya gari, hukagua viti. Mimi huwa nawaangalia zaidi wazee wanaosimama kando. Mwaka mmoja mzee aliyevaa kofia alifika kwenye 504 nyeupe, akaweka kiganja juu ya paa, akakaa hivyo kitambo kirefu. Mwenye gari hakumwambia asiguse. Nilimheshimu kwa hilo.

Fundi wangu yuko Grogan, mtaa wa gereji Nairobi, na anapima nafasi ya pointi za distribyuta, zile zinazokata umeme ili cheche ya injini itoke, kwa kipande cha pakiti ya sigara. Ana mwanafunzi wa miaka 19 ambaye hakuwa amewahi kuona kabureta. Amekulia kwenye magari ya kompyuta. Wiki iliyopita fundi alimpa bisibisi, akamwambia azungushe skrubu ya hewa taratibu huku akisikiliza. Injini ikatetemeka, ikataka kuzima, kijana akarudisha kidogo, ikatulia. Akatabasamu, akauliza kama anaweza kurudia tena. Nikachomoa lile daftari la mwalimu kutoka chini ya dashibodi, nikampa kalamu aandike tarehe, kilomita na jina lake.

Jumamosi tunafungua breki za nyuma. Amesema atakuja mapema.