Kumwambia mtu "tulia" hakumtulizi

Kwa kweli sipendi tunavyomwambia mtu aliyepaniki "tulia bwana", yaani kama vile moyo unapokea amri.

Moyo una chembe zake zenyewe zinazoanzisha mapigo, ukiziacha bila kuingiliwa zinapiga kama mara 100 kwa dakika, sasa mbona ukikaa tu unapata 60 au 70? Ni neva ya vegasi hiyo, inashuka toka kwenye shina la ubongo mpaka kifuani na tumboni, inaushikia moyo breki hata ukiwa umelala. Mwanasayansi Otto Loewi alionyesha breki hii inavyofanya kazi mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya vyura, akaichochea neva ya moyo wa kwanza mpaka mapigo yakapungua, afu maji ya chumvi yaliyokuwa kwenye huo moyo akayapeleka kwa wa pili, na wenyewe ukapunguza mwendo! Kilichohama na yale maji ni kemikali, leo tunaiita asetilikolini.

Mtu akishtuka breki ndo inaachiwa kwanza, haraka sana, afu simpathetiki, yaani mfumo wa neva unaoandaa mwili kwa hatari, inapandisha mapigo na tezi za juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu, mdomo unakauka, viganja vinaloa jasho. Hata hatari ikipita ile adrenalini inahitaji dakika kadhaa kuisha, kwa hiyo unamfokea mtu kwa kitu ambacho mwili wake haujamaliza.

Ila wanaosema simpathetiki ni adui nawapinga kabisa. Kila ukisimama, nusu lita ya damu au zaidi inateremka miguuni na tumboni, vihisi vya presha shingoni vinagundua, simpathetiki inabana mishipa, na wewe hujui kitu. Mwenye kisukari cha muda mrefu neva hizi zinaweza kuharibika, anasimama anaona giza, afu anaambiwa mvivu. Inaniuma sana hii. Mpimeni presha akiwa amelala, mrudie akisimama ndani ya dakika 3, ile ya juu ikishuka 20 au zaidi hapo kuna tatizo.

Kwa aliyepaniki, pumzi ndo njia tuliyo nayo. Ukivuta, mapigo yanakimbia kidogo, ukitoa yanapungua, hebu shika mshipa wa mkononi usikilize. Kaa naye, mtoe pumzi pamoja polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Na kama kifua kinambana au anazimia, achana na mambo ya pumzi, mpeleke hospitali.