Vita vya ziwa letu vinapooneshwa bila wapagazi

Hapa Kigoma hakuna asiyeijua meli ya Liemba. Watu wa runinga kutoka nje wakija kutengeneza makala ya vita vya Ziwa Tanganyika, vya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, huanzia kwake, nami siwalaumu. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa makasha hadi Dar es Salaam na kuletwa huku kwa reli. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka mitambo grisi wakitumaini kurudi. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina tunalolijua.

Kinachoniuma ni kinachofuata. Baada ya meli huletwa ofisa wa Kiingereza, Geoffrey Spicer-Simson, na kamera haibanduki kwake, kwa sababu alikuwa mtu wa vituko na alipenda kuvaa sketi. Boti zake ndogo mbili, Mimi na Toutou, ziliiteka Kingani, boti ya Wajerumani, Desemba 26, 1915, kwa mapigano ya dakika 11 hivi. Dakika hizo huigizwa upya kwa mizinga, moshi na muziki wa kutisha.

Sasa zile boti zilifikaje ziwani? Zilitoka Cape Town kwa treni hadi Katanga, Kongo, zikashushwa, zikavutwa nchi kavu kuvuka milima ya Mitumba. Watu walifyeka njia, wakajenga madaraja, na wanawake wakachota maji ya kunywesha injini za mvuke zilizozivuta. Kazi ya wiki kadhaa. Kwenye runinga inapata picha moja ya mbali: mstari wa watu juu ya kilima, jua linazama, hakuna anayesema neno. Halafu tunarudishwa kwa yule ofisa.

Vita ile ilibebwa vichwani. Waingereza peke yao waliandika vifo vya wapagazi wapatao 95,000 katika kampeni ya Afrika Mashariki, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Maradhi na njaa ndivyo vilivyowamaliza. Mtu aliyezoea ndizi au wali anapewa unga wa mahindi, kuni zimelowa, muda wa kupika hautoshi, anakula ugali mbichi na keshoye anaharisha damu huku mzigo wa kilo zaidi ya 20 ukimngoja. Hapo ndipo ningetaka kamera itulie. Ioneshe sufuria, ioneshe mikono inayosonga, imwoneshe anayeshindwa kuinuka asubuhi na mwenzake anayeongezewa mzigo wake.

Njoo Tabora. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur lilipigana kwa siku kadhaa na Wajerumani wa Jenerali Wahle, na tarehe 19 mji ukachukuliwa. Ukitazama ramani za runinga, mishale miwili ya rangi inagongana na kazi imekwisha. Waliogongana hasa walikuwa Waafrika wa Kongo na Waafrika wa huku, wengi wakiwa Wanyamwezi. Hawa wa upande wa Mjerumani huitwa askari watiifu, basi, kana kwamba utii ulikuwa tabia ya kuzaliwa nayo. Walikuwa na mshahara wa kudai, heshima ya kulinda, na wake na watoto waliofuatana nao kambini. Tamthilia isiyomwonesha mke wa askari akifunga mizigo usiku mji ukikaribia kuanguka inamficha mtazamaji nusu ya vita.

Nimewahi kuambiwa kwamba wapagazi hawakuacha maandishi, ndiyo maana hawana nafasi. Siikubali hoja hiyo. Majeshi yaliandika posho, malipo na vifo vyao, na koo nyingi za huku bado zinajua ni babu gani aliyekwenda asirudi. Hata maandishi ya sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Waliosimamisha sanamu ile walikuwa wakoloni, na hawakuweza kuwaacha.

Watayarishaji wetu wana nafasi ambayo wageni hawana. Jeshi la Mjerumani liliendeshwa kwa Kiswahili, kwa hiyo tamthilia ya vita vile haihitaji tafsiri chini ya skrini. Inahitaji mwandishi atakayekaa na wazee wa Tabora na Ujiji kabla hajaandika, na mpagazi mwenye jina, mwenye maneno ya kusema kuanzia kipindi cha kwanza hadi cha mwisho.