Vinu vya Kinderdijk: vizunguke, au visimame tu?

Anayehoji kwa nini fedha za umma zitumike kuvizungusha vinu 19 vya upepo vya Kinderdijk, karibu na Rotterdam nchini Uholanzi, hakosi hoja. Vingi vilijengwa kati ya 1738 na 1740 ili kuondoa maji kwenye mashamba ya eneo la chini la Alblasserwaard. Leo kazi hiyo inafanywa na pampu kubwa. Mabawa, turubai na paa za matete ni gharama isiyokwisha, na majirani hubanwa wasipande miti wala kujenga majengo marefu yatakayokinga upepo. Si bora visimame, watalii wapige picha?

Tatizo ni kwamba kinu cha mbao hakikai salama kwa kusimama. Mvua inapiga upande uleule kila siku na unyevu unajikusanya palepale. Ufundi nao unakufa. Kukiendesha si kubonyeza swichi: kichwa cha kinu huzungushwa kwa boriti ya nyuma hadi kielekee upepo, kisha mtu anapanda bawa kama ngazi, anatandaza turubai, anashuka, ndipo breki inaachiwa. Upepo ukizidi, anapanda tena kuikunja. Ufundi huu UNESCO iliutambua mwaka 2017, miaka 20 baada ya kuyatambua majengo yenyewe.

Halafu kuna Vita vya Pili vya Dunia, na hapa wapinzani hupita haraka mno. Uholanzi ilipokaliwa na Wajerumani mafuta yakaadimika, na vinu vya Kinderdijk vikarudishwa kazini. Viliweza kwa kuwa gurudumu la makafi, linalopandisha maji, lilikuwa bado mahali pake, na waendeshaji walikuwa wakiishi humohumo na familia zao. Lau wangebaki na makumbusho matupu, wangeyafanyia nini maji?

Wapo pia wanaosema vinu ndivyo vilivyoleta balaa, kwa sababu udongo wa mboji ukikaushwa unaoza na ardhi inadidimia. Kweli, uzamaji huo ni wa karne nyingi. Lakini gurudumu la kinu hupandisha maji mita moja na nusu hivi tu. Ni pampu za injini zilizowawezesha wakulima kuyashusha maji chini zaidi, na ardhi ikazidi kuzama. Bili hiyo wapelekewe wenye pampu kwanza. Ya turubai na matete ni ndogo mbele yake, na mimi ningeilipa.