Usituambie ni kiangazi, vumbi la kwari linaonekana kutoka juu

Kwenye baraza moja huku kwetu Kajiado mzee alisimama akasema tangu kwari, yale machimbo ya mawe, ifunguliwe ng'ombe wake wanakataa nyasi za kando ya barabara ya matipa, wanazinusa wanapita, na afisa aliyeketi mbele akamjibu, "Mzee wangu, hicho ni kiangazi tu, kama una ushahidi ulete." Ushahidi! Mtu aliyechunga maisha yake yote hajui kutofautisha nyasi iliyokauka na nyasi iliyopakwa unga wa mawe? Hilo jibu limeniuma hadi leo.

Manake ushahidi upo na ni wa bure. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ya kwanza ilirushwa 2015 na ya pili 2017, zikiwa mbili zinapita juu yetu kila baada ya siku 5 na yeyote mwenye bando anashusha picha zake bila kulipa hata ndururu. Pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10 ardhini. Landsat ya Marekani nayo ilianza 1972 na picha zake ni bure tangu 2008, kwa hivyo hata malisho yalivyokuwa kabla ya kwari unaweza kuyatafuta.

Jani lenye afya linameza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi infraredi, ule mwanga ambao macho yetu hayauoni. Vumbi la mawe ya chokaa likilala juu yake, mwekundu unaorudi unaongezeka, infraredi inapungua, na NDVI, kile kipimo cha ukijani kinacholinganisha mianga hiyo miwili, inashuka. Watu wa "ni kiangazi" wanang'ang'ania hapo, ati hata ukame unashusha NDVI, hata mifugo ikizidi. Sawa, nakubali, kwa picha moja hutajua. Lakini nani amesema tuangalie picha moja? Kiangazi hakichagui upande, kinakausha mashariki ya shimo na magharibi yake, ilhali vumbi linafuata upepo, na upepo wa huku sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki, kwa hivyo linganisha pande hizo mbili siku ileile, kwenye udongo wa aina moja. Halafu toka barabarani uende mita 50, mita 200, kilomita moja, ukiona nyasi inazidi kupata rangi kadri unavyoiacha barabara ya matipa basi huo si ukame, hakuna ukame unaofuata barabara. Na mvua ndiyo inamaliza ubishi. Ikinyesha kubwa usiku mmoja inaosha majani, na nyasi iliyokufa kwa jua haifufuki kesho yake, lakini ile iliyokuwa imefunikwa tu inabadilika kwenye picha inayofuata. Udongo uliolowa nao unabadilisha picha, najua, ndiyo sababu ile sehemu isiyo na vumbi lazima iwepo ya kulinganishia.

Wenzetu China wameshafanya hii kazi kwenye mbuga za Mongolia ya Ndani, kando ya migodi ya makaa ya mawe. Hukohuko Xilingol wafugaji walilalamikia malori ya makaa yanayokatiza malisho yao, na Mei 2011 mmoja wao, Mergen, alikanyagwa na lori akafa alipokuwa akiyazuia na wenzake. Hatutaki kungoja mambo yafike hapo ndipo mtu afungue laptopu.

Mawingu ni shida, miezi ya masika unaweza kukosa picha safi kabisa. Na setilaiti haikupi gramu za vumbi, lazima mtu ashuke chini, akate majani, ayaoshe kwa maji safi, ayachuje hayo maji, akaushe kinachobaki, apime uzito na kugawa kwa eneo la majani. Nimeosha nyasi za kando ya ile barabara, konzi moja tu, na maji yakatoka meupe kama ya kuoshea mchele, chini ya beseni mchanga laini unakwaruza vidole. Ng'ombe anatafuna hiyo kutwa nzima. Vijana wanaofanya kazi kwenye krasha, mashine ya kusaga mawe, wanavuta hiyohiyo, na wao hata baraza hawaitiwi.

Kinachonikera zaidi ni nani anaambiwa alete ushahidi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, lakini mfugaji ndiye anatakiwa athibitishe, na mwenye kwari analeta ripoti ya mtaalamu aliyemlipa mwenyewe. Hapo Kasarani, Nairobi, kuna RCMRD, kituo cha ramani na setilaiti tangu 1975, kwa hivyo tusiambiwe eti hatuna watu wanaojua. NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ikitaka inaweza kudai kwenye ile audit ya mazingira ya kila mwaka picha za Januari na Februari, mbingu ikiwa wazi, pande zote mbili za upepo, pamoja na uzito wa vumbi kwenye majani. Mwenye kwari ndiye aonyeshe malisho ya watu hayajaguswa, na mpaka aonyeshe, bauza imwage maji barabarani asubuhi na jioni kwa gharama yake.