Mtoto wa Nakuru Anaigiza Sana. Je, Nani Anamwigizia?

Wazo la ukumbi wa maonyesho wa watoto na vijana likitajwa hapa Nakuru, jibu la kwanza huwa moja: tayari tuna tamasha za maigizo za shule. Nimelisikia kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, hata kwa waigizaji ambao wangepata riziki humo. Lina uzito wake. Tamasha hizo zina zaidi ya miaka 60. Huanzia zoni, zikapanda kaunti ndogo, kaunti, kanda, hadi taifa, na washindi huigiza mbele ya Rais. Mwenye kuuliza tunataka nini zaidi anauliza swali la haki.

Ila angalia nani ameketi wapi. Katika tamasha, mtoto ndiye aliye jukwaani. Mbele yake wameketi majaji na karatasi za alama; nyuma ya majaji wako wanafunzi wa shule nyingine wanaongoja zamu yao huku wakirudia mistari kimoyomoyo. Ukumbi wa watoto hugeuza mpangilio huo. Jukwaani wanasimama watu wazima wanaoijua kazi, na mtoto wa miaka 5, au 9, au 14, ameketi. Hana alama za kutafuta. Kazi yake ni kutazama, kushtuka, kucheka, na kuuliza kwa sauti kwa nini fisi analia. Nimefundisha shule ya msingi na kulea chama cha maigizo kwa miaka mingi, na wengi wa watoto niliowafunza kuigiza walipanda jukwaani kabla ya kuona hata igizo moja lililotengenezwa kwa ajili yao. Ni sawa na kumfundisha mtoto kupika ilhali hajawahi kuandaliwa chakula.

Wakubwa wa sekondari hupata kitu. Vikundi vya waigizaji huzunguka na tamthilia za vitabu teule, na wanafunzi hubebwa kwa mabasi kwenda kuzitazama. Nimewaona wametazama onyesho zima madaftari yakiwa mapajani, wakiandika sifa za wahusika, kwa sababu karatasi ya fasihi inawasubiri. Kisumu, Siaya, Kakamega na kote magharibi kuna maigizo ya jamii pia, yale ya sokoni na kwenye viwanja vya shule, yanayolipiwa na miradi ya afya. Yamefanya kazi kubwa kuhusu Ukimwi na malaria, na siwezi kuyadharau. Lakini mwenye kulipia huja na ujumbe wake, na igizo likiisha huulizwa: tumejifunza nini? Mtoto wetu akikutana na jukwaa, karibu kila mara hukutana na mtihani, kombe au ujumbe. Igizo la dakika 40 kuhusu msichana aliyepoteza kiatu kimoja njiani kutoka shule, lisilo na swali la mwishoni, ni nani atalilipia?

Hapa ndipo nadhani wanaotaka ukumbi huu hawaeleweki. Wanaonekana wanataka kuleta starehe ya Wazungu katika mji wenye shida za maji na madarasa. Nyumba maalumu ya kumtumbuiza mtoto haikuja na meli. Kwa Waluo, siwindhe ilikuwa nyumba. Ilikuwa ya bibi mzee, pim, na watoto waliingia humo jioni kusikiliza sigana, yaani hadithi, kutegeana vitendawili na kulala. Haikuwa sebule ya kila mtu iliyoazimwa kwa saa moja. Watoto walijua mlango wake, walijua nani angeketi wapi karibu na moto, na walijua kwamba bibi angeimba wimbo wa zimwi kwa sauti ileile kesho na keshokutwa. Na hawakunyamaza: aliimba, wakaitikia, kama sisi tunavyoitikia "pakawa" mtu akisema "paukwa". Mtoto anayemwita mwigizaji kwa sauti ukumbini, akimwonya kwamba fisi yuko nyuma ya mlango, hajakosa adabu. Anafanya ilivyofanywa siwindhe. Katika ukumbi wa watu wazima ataambiwa anyamaze.

Kuna la kuharakisha pia. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliingia mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, na sababu mojawapo ni kwamba wengi wanaoijua ni wazee wasio na wa kumrithisha. Urithi huanzia machoni. Mtoto humtazama mpiga ngoma mara nyingi kabla ya kuigusa.

Sasa nije kwa hoja ya upande wa pili inayoninyima usingizi, nayo ni hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru. Kitaifa, walio chini ya miaka 15 walikuwa takriban asilimia 39. Tukichukua kiwango hicho, kaunti hii ina watoto wapatao 840,000. Tuseme tumejenga ukumbi wa viti 250, na tunafanya maonyesho mawili kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 36 za masomo, bila siku moja kupotea. Tutapokea watoto 90,000 kwa mwaka. Kuwapitisha wote mlangoni, kila mmoja mara moja tu, kutachukua zaidi ya miaka 9. Mtoto aliyeanza kungoja akiwa gredi ya kwanza anaweza kuingia akiwa na miaka 15. Na hapo nimedhani kwamba mtoto wa Olenguruone anafika mjini kwa urahisi sawa na wa Section 58, mtaa wa hapa mjini, jambo ambalo kila mmoja wetu anajua si kweli.

Halafu nauli. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma ni Sh1,420 kwa mwaka mzima, na huja kwa mafungu, mara nyingi kwa kuchelewa. Ukiugawa kwa wiki hizo 36 unapata chini ya Sh40 kwa wiki. Kwa pesa hiyo mwalimu mkuu ananunua chaki, analipa umeme, anarekebisha choo. Haitoshi nauli ya matatu kutoka Njoro hadi mjini. Kwa hiyo mtu akisema ukumbi wa Nakuru utajazwa na watoto wa shule za kibinafsi zenye mabasi, mimi simbishii. Utajazwa nao, isipokuwa tupange mapema vinginevyo.

Wenye hoja hii wana pendekezo zuri: acheni jengo, nunueni lori. Wana mifano. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1965 kupeleka maigizo kwa watu bila malipo, mji hadi mji. Hata Unicorn, ukumbi wa watoto unaojulikana sana London, ulianza mwaka 1947 kama kikundi cha kuzunguka kilichoanzishwa na Caryl Jenner, na jengo lake lenyewe, karibu na London Bridge, lilifunguliwa mwaka 2005. Miaka 58! Ikiwa Waingereza walisubiri hivyo, Nakuru inaharakia wapi?

Mfano huo mimi nausoma kwa upande wake wa pili. Watu waliokwisha kuijua barabara kwa miongo, waliozoea kufungua pazia katika kumbi za kuazima, bado walitaka nyumba. Nadhani najua kwa nini, kwa sababu nimepeleka watoto katika kumbi zetu. Siku moja niliwapeleka wa darasa la tatu katika ukumbi mmoja wa Kisumu. Sakafu tambarare, viti vya plastiki vya watu wazima. Walioketi safu ya nne hawakuona chochote ila migongo, wakasimama juu ya viti, nasi walimu tukaanza kuwakemea. Saa nane na nusu mvua ya ziwa ikashuka, kama inavyofanya Kisumu alasiri nyingi. Ukumbi ulikuwa wa mabati matupu, bila dari. Waigizaji walipaza sauti, wakapaza tena, mwisho wakachukua maiki moja na kupokezana. Bibi wa kwenye hadithi, aliyepaswa kumnong'oneza mjukuu wake siri, alimpigia kelele. Watoto walicheka pasipo na cha kucheka. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyeniuliza lolote kuhusu siri ile.

Lori hukutana na hali hiyo kila siku. Igizo linalotengenezwa kwa uwanja wa paredi, mbele ya watoto 800 juani, lazima liwe la sauti kubwa, vichekesho vya kuanguka na nyimbo za pamoja. Lina raha yake. Lakini mnong'ono haumo, kivuli hakimo, wala kimya. Mtoto wa miaka 5 anahitaji kukaa mita chache kutoka kwa uso wa mwigizaji ili aone jicho likibadilika. Anahitaji ngazi za viti zilizopimwa kwa urefu wake, giza lisilo zito mno, choo cha karibu anachofikia mwenyewe, na onyesho la asubuhi kabla ya usingizi kumchukua. Mahitaji haya ni madogo, ila hayabebeki kwenye lori. Nakuru Players Theatre, tuliyorithi kutoka kwa walowezi, imetufaa na ninaipenda, lakini haikujengwa kwa kumfikiria mtu wa urefu wa mita moja.

Swali la nani alipe lina jibu katika Katiba kuliko wengi wanavyodhani. Jedwali la Nne limezipa kaunti shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Katika orodha hiyohiyo ndimo zilimo kamari, leseni za pombe, sinema, maktaba na makavazi. Jedwali hilohilo limezipa kaunti elimu ya chekechea. Maana yake, mtoto wa miaka 4 na 5 na ukumbi wa kumtumbuiza viko mikononi mwa serikali moja. Kwa wa shule ya msingi mambo yanakuwa magumu, kwa kuwa hao ni wa serikali kuu, na mvutano wa basari za kaunti mwaka 2025 ulionyesha jinsi pesa zinavyokwama panapokuwa na shaka ni jukumu la nani. Ndiyo maana ningeanza na chekechea.

Wapo wanaohofia zaidi ya pesa. Aprili 2025, makala ya 63 ya tamasha za kitaifa yalipofanyika hapa Nakuru, wasichana wa shule ya upili ya Butere waliingia jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe. Nje polisi walirusha vitoa machozi. Mzazi aliyeona hayo akiniuliza kama ukumbi wa kaunti hautakuwa wa kusifu gavana na kufunga vinywa vya vijana, namwelewa kabisa. Hofu hiyo haiondoki kwa ahadi. Inahitaji bodi ambayo gavana hawezi kuivunja kwa simu, na bajeti iliyoandikwa kwa miaka kadhaa. Bila hayo mawili, hata mimi ningesema tungoje.

Pamoja na hayo, hesabu ya miaka 9 hainifanyi niache jengo. Inanifanya nitake dogo, na lori lililoegeshwa nyuma yake. Igizo lizaliwe ndani, mbele ya watoto 100 wa chekechea za karibu, waigizaji wakiona wapi wanachoka na wapi wanasogea mbele vitini. Likikomaa, litoke kwenda Molo na Kuresoi, lilipiwe na kaunti, shule isitoe nauli. Wanafunzi walioanza gredi ya 10 Januari 2026 katika mkondo wa sanaa na michezo wana somo la maigizo na filamu, na hao ndio wangekuja alasiri kuona mwigizaji anayelipwa akirudia onyesho moja mara ya 30 kwa bidii ileile. Sidhani inahitajika ardhi mpya. Kumbi za jamii za kaunti zipo, na moja inatosha. Pesa ya kwanza kabisa, kabla ya taa na kabla ya pazia, ningeiweka kwenye dari, ili mvua ikinyesha bibi aweze kunong'ona.