Shamba la Mke Si Dhamana ya Kodi ya Mume

Kutoka Mwanjelwa, Mbeya, hadi Tunduma, makadirio ya kodi yakimzidi mtu, ushauri anaopewa ni uleule: "Andika kila kitu jina la mama watoto, halafu mkaandikiane mkataba wa kutenganisha mali kwa wakili." Ushauri huo unawaponza wanawake wasiodaiwa hata shilingi. Unakera, na waache kuutoa.

Mali za wanandoa zilishatenganishwa na sheria. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinasema ndoa haibadilishi umiliki, isipokuwa wenyewe mkubaliane vingine. Cha 60 kinaongeza: aliyeandikwa jina huchukuliwa kuwa ndiye mwenye mali, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Wanaochanganya hukimbilia kifungu cha 114 na kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983. Hayo ni ya kugawana mali watu wanapoachana. Hayamfanyi mke aliyeko Rungwe adaiwe kodi ya duka la mumewe.

Sasa shamba la parachichi la mke huyo linaingiaje kwenye orodha ya mali za kukamatwa kwa deni la mume? Linaingizwa na karatasi za nyumbani. Shamba lina jina lake, lakini miche ililipiwa kutoka akaunti ya duka. Wanunuzi wanatuma hela kwenye simu ya mume. Vibarua wanalipwa kutoka droo ya dukani. Baya kuliko yote ni mbolea kuingizwa kwenye hesabu za duka kama gharama ya biashara, maana hapo mume ameshaiambia TRA, Mamlaka ya Mapato, kwa maandishi kwamba lile shamba ni la biashara yake. Mkataba huo wa mali, uwe na kurasa ngapi, utashindanaje na ritani, yaani taarifa ya kodi, aliyoisaini mwenyewe?

Haya, wapo wanaume wanaoficha malori nyuma ya majina ya wake zao, na afisa wa kodi ana haki ya kushuku. Ndiyo maana tarehe ina uzito. Mkataba uliosainiwa wiki moja baada ya barua ya deni unasomeka kama maficho, hata kama kila neno ndani yake ni kweli.

Mke awe na TIN (namba ya mlipakodi) yake na akaunti yake, mauzo yote yaingie humo. Hati ya kimila ya kijiji, ile ya kumiliki ardhi, isome jina lake. Mkataba utaje kila mali: namba ya hati, ekari, tarehe ya kununua, fedha ilitoka wapi. "Mali zote tulizonazo na tutakazopata" haisaidii kitu. Mume akichangia, waandike siku hiyohiyo kama ni zawadi au mkopo. Kifungu cha 61 kinaitambua zawadi kati ya wanandoa.

Nyumba ya familia ni suala jingine: kama ni ya mume, mkataba pekee hauigeuzi kuwa ya mke.

Deni likifika, pingamizi la mume lina siku 30, na huambatana na malipo ya theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichobishia, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mume. Mke asilisubiri pingamizi hilo. Mume anabishania kiasi, yeye anabishania umiliki. Aandike barua yake, kwa jina lake, aambatanishe hati, taarifa za benki na risiti za miche, na aipeleke kabla dalali hajatangaza mnada.